Jukwaa la metro linatikisika treni ikiingia. Je, nimpandishe mama mgonjwa?

Swali: "Mhandisi, habari za kazi. Niko Bengaluru, India, nimemleta mama kutibiwa moyo. Amebadilishiwa valvu wiki kadhaa zilizopita na bado tunahudhuria kliniki. Tumepanga chumba karibu na kituo cha metro cha Indiranagar, kile kilichojengwa juu ya barabara. Siku ya kwanza tulipopanda, treni ilipoingia upande wa pili jukwaa lilitikisika mpaka mama akanishika mkono. Nilipochungulia njia ya treni nikaona pengo kati ya vipande viwili vya zege, kidole kinapita. Ukitoka nje ya kituo, njia nzima imekalia nguzo moja moja katikati ya barabara, kushoto na kulia hakuna kitu. Mwenye nyumba naye katuambia kuna nguzo vituo viwili mbele iliwahi kukutwa mbovu. Tangu hapo mama hataki hata kuisikia metro. Tunapanda bajaji kila tukienda hospitali na foleni inamchosha sana. Je, kituo hiki ni salama? Na mtetemo ule hauwezi kumdhuru moyo?"

Ndugu yangu, pole kwa kuuguza, na mama mfikishie shikamoo yangu.

Nianze na jibu lenyewe usije ukasoma yote haya roho ikiwa juu: katika uliyoyaeleza sioni dalili hata moja ya kituo kibovu. Pengo lile na nguzo zile vimo kwenye michoro, na mtetemo ulipigiwa hesabu tangu mwanzo. Habari ya mwenye nyumba ni ya kweli, ila imewafikia ikiwa imepinda kidogo, nitainyoosha huko chini. Kinachonitia wasiwasi mimi ni mambo mawili ambayo hukuyauliza, nayo ni ukingo wa jukwaa na ile bajaji.

Tuanze na mtetemo. Tupa ubao juu ya mtaro, ukanyage katikati: unabonyea, ukishuka unarudi ulivyokuwa. Boriti ya zege inayobeba reli inafanya hivyohivyo, ila kwa milimita chache tu. Zege linaonekana gumu kama jabali, na watu wengi wanaamini kitu kigumu hakitakiwi kujongea hata kidogo. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Kila kitu kinachobeba mzigo hubonyea, hata sakafu ya chumba mlichopanga. Mhandisi anajiuliza kinabonyea kiasi gani, kinarudi au hakirudi, na kitarudia mara ngapi katika maisha yake.

Sasa angalia uzito, maana hapa ndipo watu wengi hushangaa. Boriti moja inayobeba njia mbili za treni, yenye urefu wa mita 28 hivi kutoka nguzo hadi nguzo, ina zaidi ya tani 300 yenyewe, kabla ya kuongeza reli, kuta za pembeni na nyaya. Behewa lililojaa watu lina kama tani 60. Kwa urefu ule, kila njia inaweza kubeba behewa moja na kipande cha la pili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hata treni mbili zikipishana zimejaa pomoni, zinaongeza takriban nusu ya uzito ambao boriti inaubeba saa zote, usiku na mchana, hata vituo vikiwa vimefungwa. Nguzo ile haingoji treni ndiyo ianze kazi. Kazi kubwa iliianza siku boriti ilipowekwa juu yake.

Mbona basi mnatikisika vile? Jibu liko kwenye miguu yenu. Binadamu ni kipimo kikali mno cha mtetemo. Mtu aliyesimama tuli anaanza kuhisi mtikisiko ambao nguvu yake ni kama sehemu moja kati ya mia sita ya nguvu inayotuvuta chini ardhini. Tena mtikisiko wa juu na chini tunauhisi zaidi ukiwa wa mara nne hadi nane kwa sekunde, na boriti za zege za urefu ule zina kawaida ya kucheza karibu na hapohapo. Kwa hiyo mwili unapiga kelele kwa jambo ambalo zege halijalitambua. Mtu mwenye hofu, au aliyetoka kupasuliwa kifua na anasikiliza kila kitu mwilini mwake, atalihisi mara mbili.

Kuna na breki. Treni ikiingia kituoni inapunguza mwendo, na muda wote inapofunga breki inasukuma reli kwenda mbele. Reli inasukuma boriti, na boriti inasukuma kichwa cha nguzo kupitia beringi, yaani mito ya mpira iliyopangwa tabaka kwa tabaka na bamba za chuma. Mpira ule uliwekwa makusudi ili ujipinde na kuruhusu boriti ijongee kidogo.  Na vituo navyo vinatofautiana. Vingine jukwaa lina nguzo zake na njia ya treni ina zake, hata usihisi kitu. Vingine jukwaa na njia vimebebwa na mikono ileile ya zege inayotoka kwenye nguzo za kati, na hapo treni ya upande wa pili lazima utaihisi. Aina zote mbili ni halali. Mimi binafsi napenda ya kwanza kwa sababu abiria wanatulia, lakini inakula nafasi barabarani, na Bengaluru nafasi haipo.

Pengo uliloliona linaitwa kiungo cha upanuzi. Zege hurefuka kwa joto na kurudi kwa baridi. Ukichukua boriti ya mita 28 na tofauti ya nyuzi 20 kati ya alfajiri ya Januari na mchana wa Aprili, inarefuka karibu milimita 6. Ongeza kwamba zege la aina ile hufupika polepole kwa miaka mingi baada ya kumwagwa, ndiyo maana nafasi inaachwa kubwa kuliko joto linavyohitaji. Pasingekuwa na pengo, boriti zingesukumana mpaka zivunje kingo zake au ziinamishe nguzo. Pengo la kukutisha ni lile lililozibwa, kwa takataka ngumu au kwa fundi aliyeona aibu ya uwazi akapiga plasta.

Nadhani utaona pia mistari iliyonyooka inayozunguka tumbo la boriti kila baada ya mita tatu hivi. Watu wengi wanaiogopa kuliko pengo. Ile si nyufa. Sehemu ya kwanza ya metro ya Bengaluru, kutoka Baiyappanahalli hadi M.G. Road, iliyofunguliwa tarehe 20 Oktoba 2011 na ambayo Indiranagar imo, njia yake ilijengwa kwa vipande. Vipande vilimwagwa kiwandani, vikaletwa kwa malori, vikaning'inizwa kwenye mtambo mrefu wa chuma, vikagundishwa kwa gundi kali, kisha zikapitishwa nyaya za chuma ndani yake na kukazwa kwa jeki. Zege lina nguvu kubwa sana likibanwa na ni dhaifu likivutwa. Nyaya zile zinalibana muda wote, kiasi kwamba treni ikipita inapunguza tu ule mbano, haifiki hatua ya kulivuta. Hii ndiyo siri ya boriti nyembamba kubeba kiasi kile, na ndiyo maana boriti ya namna hii inastahimili kutikiswa mara milioni bila kuchoka kama chuma kinachokunjwa huku na huku.

Nguzo moja moja? Hapa kuna udanganyifu wa macho. Unachokiona ni sehemu ya juu tu. Chini ya lami kuna kitako kipana cha zege, na mara nyingi chini ya kitako kuna nguzo nyingine kadhaa zilizochimbiwa, na kwa Bengaluru una bahati ya ardhi: mji umekaa juu ya mwamba wa kale sana, mahali pengine mwamba uko karibu na mahali pengine umeoza juu na kuwa mgumu chini. Katika ramani ya matetemeko ya India iliyotumika enzi za ujenzi ule, Bengaluru ilikuwa kwenye kundi la pili, lenye hatari ndogo kuliko yote, wakati Delhi ilikuwa la nne. Nguzo za katikati ya barabara zilichaguliwa kwa sababu barabara za mjini haziruhusu kupanda nguzo pande zote mbili bila kubomoa maduka ya watu. SGR yetu nayo inatoka Dar es Salaam ikiwa juu ya nguzo.

Sasa habari ya mwenye nyumba. Vituo viwili mbele ya Indiranagar kuelekea M.G. Road ni Trinity. Desemba 2018 pale Trinity iligundulika kasoro kwenye boriti ya zege iliyo kichwani mwa nguzo, ile inayopokea boriti za njia. Nguzo yenyewe ilikuwa nzima. Ndani ya zege kulikuwa na matundu: zege lilipomwagwa halikushindiliwa vizuri, vibreta, ile mashine ya kushindilia zege, haikufika kati ya nondo zilizosongamana, kokoto zikabaki bila uji wa saruji kuzifunika. Mafundi wetu wanaijua sana kasoro hii, na ukibandua fomu ukaikuta kwenye nguzo ya nyumba unaiziba kabla mwenye mali hajafika. Tofauti ni kwamba pale Trinity hawakuziba juujuu. Waliegemeza muundo kwa vyuma, treni zikapunguza mwendo mahali pale, na mwishoni mwa mwezi ule wakafunga kabisa huduma kati ya Indiranagar na M.G. Road kwa siku chache wakarekebisha.

Unaweza kuisoma habari ile kwa namna mbili. Moja, ya mama: kumbe wanajenga ovyo. Na ana haki, kasoro ile ilitoka kwenye ujenzi na ilikaa miaka saba bila kuonekana. Pili, ya kwangu: waliikagua, wakaiona, wakafunga njia wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka huku mji mzima ukinung'unika. Njia inayokaguliwa hutoa habari mbaya mara kwa mara. Ningeogopa zaidi mji ambao miaka 15 inapita na hakuna nguzo iliyowahi kukutwa na kitu.

Kochi, mji mwingine wa India wenye metro, kusini zaidi, walipata ya kwao mwaka 2022. Karibu na kituo cha Pathadipalam, nguzo namba 347 ilikuwa imeinama kidogo sana. Uchunguzi ulionyesha nguzo za chini ya ardhi hazikuwa zimekaa vizuri juu ya mwamba, wakachimbia nyingine kuzunguka na kuzifunga pamoja. Kinachonivutia katika kisa kile ni kwamba dalili zilianzia kwenye reli. Reli ni kipimo kikali kuliko jicho la abiria, kwa sababu milimita chache za kupinda zinatosha kuwaita mafundi.

Nisikufiche, njia ya juu ya metro imewahi kuanguka ikiwa na abiria. Tarehe 3 Mei 2021, Mexico City, sehemu ya njia namba 12 karibu na kituo cha Olivos iliporomoka na watu 26 wakafa. Boriti zile zilikuwa za chuma zilizounganishwa na zege juu yake kwa vipingili vya chuma, na vipingili hivyo vilikuwa vimechomelewa vibaya au havipo panapotakiwa. Vile si vya aina ya boriti zenu za vipande vilivyobanwa kwa nyaya, lakini nimekitaja kwa sababu wakazi wa pale walikuwa wameona mambo na kuyasema. Kwa hiyo sikuambii uache kuangalia. Nakuambia uangalie kinachostahili kuangaliwa.

Na kinachostahili ni mabadiliko. Mtetemo unaokuja na treni na kuondoka nayo ni kawaida. Kitu kilichokuwa hivi jana na leo kiko vingine, hicho ndicho cha kuulizia. Fanya jaribio dogo siku ukiwa peke yako: weka chupa ya maji iliyojaa nusu kwenye benchi la jukwaani, uitazame. Treni ikiingia, uso wa maji utapata viduara vidogo. Treni ikisimama vinafifia, na sekunde chache baada ya kuondoka maji yametulia kabisa. Mwonyeshe mama kwa video ya simu kama mtetemo wa jukwaa bado unamtisha. Ukikuta jukwaa linaendelea kuyumba dakika nzima baada ya treni kuondoka, nitumie hiyo video, maana sijawahi kuiona.

Ukiwa chini barabarani, inua macho kwenye kichwa cha nguzo. Utaona kati ya nguzo na boriti vipande vyeusi vifupi: ndizo beringi. Zinatakiwa ziwe zimekaa sawa, hazijapinduka, hazijachomoza zikaning'inia. Kisha tazama madoa. Bomba la maji ya mvua hupitia ndani au ubavuni mwa nguzo, kwa hiyo madoa meusi ya uchafu na ukungu ni ya kawaida katika mji wenye masika mara mbili kama Bengaluru. Michirizi myeupe ni chumvi za saruji zinazotolewa na maji, si hatari leo ila maji yanapita mahali yasipotakiwa. Michirizi ya kahawia ya kutu inayotoka kwenye ufa ni habari nyingine, hiyo inasema maji yamefika kwenye nondo. Ufa mwembamba kama unywele nimeukuta karibu kila daraja la zege nililolikagua na sikupoteza usingizi. Ufa ambao kadi ya benki inaingia, yaani karibu milimita 0.8, unastahili mtu wa kuutazama. Na zege linalobanduka vipande na kudondoka barabarani, hata cha ukubwa wa kiganja, hilo litolewe taarifa siku ileile.

Taarifa inatolewa kwa msimamizi wa kituo, ofisi yake iko kwenye ukumbi wa tiketi. Piga picha yenye namba ya nguzo, maana kila nguzo imeandikwa namba na bila namba hiyo mafundi watazunguka usiku mzima. Usiogope kuonekana mgeni msumbufu. Kazi za matengenezo hufanyika usiku treni zikiwa zimelala, na ripoti yenye namba inawapunguzia safari.

Kuhusu nani aliruhusu kituo kile kitumike, kuna jambo dogo ambalo naona watu wengi hata India hawalijui. Kabla metro yoyote kubeba abiria, hukaguliwa na Kamishna wa Usalama wa Reli za Metro, na ofisi hiyo iko chini ya wizara ya usafiri wa anga. Inachekesha kidogo, watu wa ndege kusimamia treni, lakini maana yake ni kwamba anayekagua hana bosi mmoja na anayejenga.

Sasa nije kwenye mawili yaliyonitia wasiwasi. Ukingo wa jukwaa kwanza. Metro ya Bengaluru haina nyaya za umeme juu ya treni kama Delhi au Chennai. Umeme wake, volti 750, unapita kwenye reli ya tatu iliyo kando ya njia, chini ya usawa wa miguu yako. Reli hiyo ina kifuniko, lakini mtu akianguka njiani hana muda wa kuchagua pa kushika. Januari 2024 hapohapo Indiranagar abiria alirukia njiani kufuata simu iliyomdondoka, na ikabidi umeme ukatwe. Alinusurika. Kitu chochote kikidondoka, mwite mfanyakazi, hata kama ni pasipoti. Mama asimame nyuma ya vigae vya njano vyenye vinundu, na mtetemo ukimtisha akae kwenye benchi la ukutani mpaka milango ifunguke. Hakuna sababu ya kusogea ukingoni mapema.

Pili ni barabara. Mwaka 2022 India ilipoteza zaidi ya watu 168,000 katika ajali za barabarani, hizo ni takwimu za serikali yenyewe. Mama aliyetoka kubadilishiwa valvu mara nyingi huwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, na mtu wa dawa hizo akijigonga kwenye chuma cha bajaji anavuja damu kuliko mimi na wewe. Halafu kuna matuta na mashimo. Mtikisiko anaoupata kwenye kiti cha bajaji ikivuka tuta moja ni mkubwa mara nyingi kuliko wowote atakaoupata jukwaani. Kama ni mtetemo ndio anaoukimbia, amekimbilia kwenyewe.

Kuna tahadhari moja zaidi ya barabarani, na hii naisisitiza. Ajali kubwa za metro India zimetokea zaidi kwenye ujenzi kuliko kwenye vituo vinavyotumika. Delhi, tarehe 12 Julai 2009, sehemu ya njia iliyokuwa ikijengwa Zamrudpur ilianguka pamoja na mtambo wa kuinulia, watu sita wakafa. Mkuu wa metro ile, E. Sreedharan, akaandika barua ya kujiuzulu akisema anabeba lawama, serikali ikamkatalia. Bengaluru kwenyewe, Januari 2023, kikapu kirefu cha nondo za nguzo ambayo haijamwagwa zege kilianguka barabarani eneo la Nagavara, kikaua mama na mwanawe mdogo waliokuwa kwenye pikipiki. Mji ule bado unajenga njia mpya. Mkipita mahali penye nondo zilizosimama wima bila zege, au mtambo umeshika kipande cha zege hewani, msisimame chini kungoja foleni. Mwambieni dereva apitie mtaa mwingine hata kama anadai nyongeza.

Kuhusu moyo nitakuwa mfupi, mimi ni mtu wa zege. Mtetemo wa jukwaa ni mdogo kuliko ule anaoupata akiwa amekaa ndani ya gari lolote, na sijui sababu ya kiufundi ya kuuogopa. Lakini muulizeni daktari wake maswali matatu kabla ya kupanda: je, anaruhusiwa kusimama akishika mpini wa juu wa treni, maana mfupa wa kifua uliokatwa huchukua wiki nyingi kuunga na kujivuta kwa mkono haushauriwi mapema; je, ana kifaa cha kusaidia mapigo kilichopandikizwa, kwa sababu mlangoni kuna ukaguzi wa chuma na walinzi wanatakiwa kuambiwa; na je, dalili gani zikimpata njiani msirudi chumbani bali mwende moja kwa moja hospitali. Akipata maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au kizunguzungu akiwa kituoni, usianze kutafuta kama ni jukwaa au ni yeye. Mwite mfanyakazi wa kituo aliye karibu na muombe gari la wagonjwa.

Chumba chenu nimekisahau. Kama kuta zake zina nyufa zinazoongezeka, au dirisha lililokuwa linafunga sasa halifungi, hilo halitatuliwi kwa barua. Mwambieni mwenye nyumba alete mhandisi alitazame kwa macho, au hameni. Nyumba za kupangisha hazikaguliwi na kamishna yeyote.

Usimlazimishe mama. Mpeleke siku isiyo ya kliniki, baada ya saa nne asubuhi watu wakishaenda kazini, mpande kituo kimoja tu mpaka Halasuru mrudi. Omba viti vya wazee, vimewekewa alama, na vijana wa kule huamka ukiwaomba. Ikiwa hospitali yenu iko mbali na kituo, kiasi kwamba mkishuka metro mnapanda tena bajaji, basi pigeni hesabu upya: teksi moja ya mlango hadi mlango, saa ambayo foleni imepungua, inaweza kumchosha kidogo kuliko mabadiliko mawili. Metro ni nzuri panapokuwa na kituo kwenye miisho yote miwili ya safari.

Kabla hamjaondoka chumbani, wewe tangulia uangalie lifti. Angalia upande wa barabara mnaoingilia na upande mtakaotokea kule mwisho, kwa sababu lifti inaweza kuwa ng'ambo moja na nyingine kuna ngazi tu. Ukikuta imeharibika, siku hiyo chukueni teksi. Ngazi za kituo cha juu ni ndefu mno kwa kifua ambacho hakijapona.